Muulizeni Samaki

Jumamosi iliyopita nilikuwa kwenye duka la samaki kule Balsall Heath, hapa Birmingham. Nilishachagua samaki wangu na kulipa. Muuzaji akamlaza ubaoni, akashika kisu, na hapo nikapiga ukelele mpaka wateja wakageuka: "Wee, usimpasue! Mwache na tumbo lake!" Binti yangu aliona haya, akajifanya anatazama kamba waliopangwa kwenye barafu. Muuzaji naye alinikodolea macho. Siku hizi nani anataka matumbo? Mimi ninayataka, na wewe msomaji wangu vuta kiti nikwambie kwa nini, maana hili najivunia kuliko vyeti vyote nilivyotundika ukutani.

Sisi tulikulia Bordesley Green, kwenye zile nyumba zilizoungana kuta, ukikohoa kwenu jirani anasikia. Wazazi wangu walitoka Kigoma. Baba alikuwa amevua Ziwa Tanganyika tangu ujana wake, na mama alikulia mwaloni, mahali mitumbwi inaposhushia samaki, akiwapasua na kuwakausha. Birmingham ikawapa kazi nyingine: baba akawa anapakia mizigo ghalani, mama anatunza wazee majumbani mwao. Jioni baba alitusimulia habari za migebuka na sangala, samaki wa ziwa lile, na sisi watoto, kwa Kiingereza chetu cha shuleni, tukamjibu kwamba anatia chumvi. Alikuwa akicheka, lakini kicheko kilikuwa kinaishia mdomoni.

Mtaa wa pili palikuwa na Mzanzibari mwenye duka la vyakula, mtani mkubwa wa baba. Siku moja ya Januari, baridi imekaza, tulikwenda kununua unga wa muhogo, utani ukaanza. Mzanzibari akasema samaki bila tui la nazi ni chakula cha mgonjwa, na samaki wa ziwa si samaki kabisa. "Yale ni maji yenye miiba, bwana wee!" Duka zima likacheka. Baba akavimba. Akasema, mbele ya wateja wote, "Jumapili njoo kwangu na mkeo na wanao. Mtakula samaki wa ziwa niliyemvua kwa mkono wangu, na sahani utailamba."

Mama alipopata habari alishika kiuno. "Hee! Mtoto hajazaliwa, mbeleko umeshakata! Utamvua wapi huyo samaki, bafuni?"

Aliyetuokoa alikuwa jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, mzee wa Kizungu aliyestaafu kiwandani, mtu wa kuvua kwa fimbo ya ndoana kila wikiendi. Alijua ziwa moja nje ya mji, ingawa yeye mwenyewe hajawahi kulivua. Humo walikuwamo samaki waitwao zanda, na mwenye ziwa alikuwa akitafuta watu wa kuwaondoa, kwa sababu walikuwa wanammalizia samaki wake wengine. Alipomwonyesha baba picha ya zanda, macho kama vioo, miiba mgongoni, baba alipiga meza. "Huyu si ndugu yake sangala huyu!"

Wiki nzima meza yetu ya jikoni haikukalika. Jirani alichora ramani ya ziwa kama alivyoelezwa, na baba akaitazama kama mtu anayesoma barua ya nyumbani. Wakakadiria upepo utatokea wapi, kina kiko wapi, barafu itashika upande gani. Jirani alitaka tuvulie kwenye gati la mbao, upande wa kina kirefu. Baba akakubali, kisha akakataa, kisha akakubali tena. Mimi ndiye niliyekuwa mkalimani, wa kwanza kujivunia cheo hicho. Mama alikuwa jikoni akikoroga mawese na nyanya chungu, harufu imejaa hadi ngazini, na bila kuulizwa akasema: "Mnapanga na maji tu. Samaki mmemuuliza?" Baba akacheka. Sikuitafsiri, nilidhani ni mzaha.

Jumamosi tukaondoka na gari la jirani. Mama alikuja na chupa ya chai ya tangawizi na chapati, akisema amekuja kuhakikisha hatugandi. Ziwa lilikuwa la kijivu, kimya, limeshika barafu nyembamba pembeni, ya kuvunjika ukiigusa kwa kisigino. Jirani alitukanya tusiikanyage. Tukakaa gatini asubuhi yote. Vidole vilikufa ganzi, chai ikaisha, na kilichopatikana ni samaki mmoja tu, mdogo, mwenye mistari ubavuni, asiyetosha hata paka. Nilimwona baba akitazama maji, nikajua hatazami maji, anamwona Mzanzibari kesho mlangoni na mkewe na wanawe, na sisi tumewapikia maharage. Wallahi nilimwonea huruma.

Jirani alipotaka kumtupa yule mdogo, mama akanyoosha mkono. "Nipe huyo. Na kisu."

Akamlaza juu ya kifuniko cha bakuli la chapati, akampasua kwa mkato mmoja, akatoa tumbo akalifungua kwa ncha ya kidole, taratibu, katika baridi ile. "Umekula wapi wewe?" akamuuliza samaki, kwa sauti yake ile ya kuongea na mtoto mtukutu. Kisha akatuambia kwamba mwaloni kwao matumbo hayatupwi kabla ya kuulizwa, na kwamba bibi yake akimaliza kuuliza, ndipo wavuvi wanachagua pa kwenda. Tukainama sote. Ndani mlikuwa na konokono wadogo sana, na majani laini ya kijani, yale yanayoota kwenye mawe.

"Huyu hajala matopeni," mama akasema. "Kala ukutani, kisha akaja huku kupunga upepo. Wadogo wenzake wako kule, na anayewala wadogo hawezi kukaa mbali na sufuria yake." Akanyoosha kisu kuelekea ukuta wa mawe uliozuia maji, upande wa pili wa ziwa, mahali ambapo kwenye ramani hakuna aliyeweka hata nukta.

Safari hii nilitafsiri kila neno. Jirani alimtazama mama, akavua kofia yake, akaanza kukusanya fimbo.

Jua lilikuwa linaelekea kuzama fimbo ya baba ilipopinda. Sitaeleza kelele alizopiga. Zanda wa kwanza alikuwa na urefu wa mkono wangu, na baada yake akaja mwingine mnene zaidi. Baba alimwinua, lakini hakututazama sisi watoto tuliomwita mwongo. Alimtazama mama, akasema, "Mke ninaye." Mama akamjibu afunge koti, atapata kichomi.

Jumapili Mzanzibari alikula akamaliza, akaongezewa, akafyonza kichwa mpaka mfupa ukang'aa. Alipoulizwa akasema, "Si mbaya. Chumvi tu, shemeji, imepungua kidogo." Tukacheka mpaka machozi.

Baba ametangulia, na mama naye akamfuata. Jirani hayupo, na ziwa lile limezungushiwa uzio na nyumba mpya. Siku ya hitima ya mama, Mzanzibari alikuja na mkongojo wake, akaniita pembeni, akaanza kulia. "Mwanangu, chumvi haikupungua," akasema. "Sahani niliilamba. Niliona haya kumwambia."

Basi Jumamosi nilimlaza samaki wangu wa dukani, nikampasua kama alivyopasua mama. Binti yangu alisimama mlangoni ameziba pua. Nikalifungua tumbo kwa ncha ya kidole. Halikuwa na kitu. Samaki wa kufugwa, wa kulishwa na kushindishwa njaa kabla ya soko. Hana ukuta, hana jiwe. Nikabaki nimeshika kisu, na uchungu wa kumpoteza mama ukanijia upya.

Binti yangu, ambaye maisha yake yote namsemesha Kiswahili ananijibu Kiingereza, akasogea. Akaondoa mkono puani, akainama juu ya ubao.

"Amekula wapi?" akauliza.

"Hajala popote, mwanangu."

Akafikiri kidogo, akatafuta maneno, akayapata. "Basi si huyu, Mama. Tumtafute aliyekula."