Kisima Walichosema Nimekikausha

Nilipokuwa mtoto wa darasa la nne, nilikausha kisima. Ndivyo kijiji kizima kilivyoamini, na kwa muda mrefu nami niliamini, maana mtoto hana pa kukata rufaa.

Kisima kilikuwa bondeni chini ya shamba letu, nyuma ya kijiji chetu cha Mumbuni, kimezungukwa na kichaka cha mikuyu. Susu, nyanya yangu mzaa baba, alikuwa na makatazo mawili juu yake. La kwanza: usichote kwa sufuria iliyokaa motoni, kwa sababu wenye kisima hawapendi masizi, watahama na maji yao. La pili: usikate chochote kilichoota pale, hata kijiti cha kuchomea mahindi. Tulichota kwa kibuyu, na hakuna aliyeuliza wenye kisima ni akina nani.

Baba aliuliza. Alikuwa mzee wa kanisa, na kichaka kile kilimkera kama jirani anayekutazama ukila. Akakifyeka chote, akapanda mikaratusi.

"Mutua, umewavua nguo," Susu akamwambia.

"Mama, tuko karne gani? Hapa hakuna mizimu. Kuna maji na udongo, basi."

Nilijivunia baba siku hiyo.

Mikaratusi ikapaa. Nilipofika darasa la nne ilikuwa imeipita nyumba kwa urefu. Kiangazi kimoja wageni wakafika ghafla, kibuyu kimepasuka, shangazi akanitupia chombo cha karibu: sufuria ya kupikia muthokoi, mahindi yetu ya kukoboa, tako lake jeusi tititi. Nikateremka, nikachota. Mama Kalunde, jirani ambaye jicho lake halikupumzika hata Jumapili, akaniona.

Kabla ya mvua kurudi, kisima kikawa tope, kisha tope likapasuka.

"Ni huyu Nduku," Mama Kalunde akatangaza. "Huyu msichana ako na mkono mbaya."

Shuleni wenzangu wakanifukuza kwenye mfereji wa maji ya kunywa. "Nduku, usiguse! Utatukaushia na hii!"

Nilimngoja baba aseme neno. Si ndiye aliyesema hakuna mizimu? Akaniita mbele ya watu. "Si Susu alikukataza? Mbona wewe husikii?"

Hapo nilianza kukasirika, na mpaka leo sijamaliza. Mtu aliyewakana mizimu alipokuwa na panga mkononi, aliwakumbuka mara tu alipohitaji wa kulaumiwa. Susu peke yake hakunikaripia. Aliitazama mikaratusi, akatema mate, akaingia ndani.

Chuo kikuu nikasomea mazingira. Watu hudhani ni kwa kupenda ndege na maua. Mimi nilikuwa natafuta wakili. Siku mhadhiri alipoeleza jinsi mikaratusi inavyokunywa chemchemi mpaka ikauke, nilicheka kwa sauti, mwenzangu akaniuliza kama niko sawa. Nilikuwa sawa kwa mara ya kwanza tangu darasa la nne.

Nikarudi nyumbani, nikaanzisha kitalu cha miti ya kienyeji na vijana wa Mumbuni. Kazi hii ina unafiki wake. Kila mheshimiwa anataka kupigwa picha akipanda mche; hakuna anayetaka kupigwa picha aking'oa mti. Baba alikuwa wa kwanza kukataa.

"Hizo ni nguzo, Nduku. Huko Konza wanajenga mji mpya, watazinunua."

"Ni nguzo zinazokunywa maji, Baba."

"Maji ilienda. Na wewe unajua vile ilienda."

Misimu ikapita hivyo. Mwisho hakushindwa na elimu yangu, alishindwa na punda. Mkokoteni wa punda uliotuuzia maji ulikosa kuja, ukakosa tena, ng'ombe wakalia usiku kucha. Asubuhi akasema, "Kateni."

Tukakata, tukabambua magome ya visiki visichipue, tukarudisha mikuyu. Susu alikuwa ameshazikwa. Baada ya masika ya pili udongo ulitota, na asubuhi moja maji yakang'aa shimoni. Baba akachuchumaa, akachovya vidole. Nikangoja. Nilitaka neno moja tu: mikaratusi.

"Umeona, Nduku?" akasema kwa upole. "Wamekusamehe."

Vijana wangu walicheka mpaka wakakaa chini. Mimi nilikwenda kuosha panga.

Nimelifikiria sana jambo hili. Susu alitukataza mawili, na yote mawili yalilinda maji. Watu wakashika lile ambalo lingeweza kubebeshwa mtoto, wakasahau lile lililogharimu nguzo. Simlaumu Susu kwa mizimu yake. Nawalaumu waliochagua nusu.

Juzi nilikuwa bondeni nikivunja machipukizi, maana visiki vya mikaratusi ni vikaidi kama aliyeipanda. Mutheu, binti mdogo wa kaka yangu, akateremka na sufuria nyeusi. Baba akapaza sauti kutoka juu: "Wewe! Unataka kukausha kisima?"

Mtoto akaganda, uso wake ukawa ule ninaoujua.

Nikamkabidhi kibuyu. "Chota na hiki, masizi yanachafua maji," nikamwambia, kwa sauti ya kufika juu kwa babu yake. "Lakini siku kikikauka, mama, si wewe."