Sumaku na Baiskeli ya Mwalimu

Baiskeli alikuwa nayo, tena nzima, watu wasije wakasema alikuwa anatembea kwa miguu miaka yote hiyo. Tatizo lilikuwa uzito. Ilikuwa ya chuma, nyeusi, ile aina inayobeba magunia mawili ya mkaa bila kunung'unika, na ukiikanyaga inakaa kwanza, kana kwamba inakuuliza kama una hakika na safari yenyewe. Kwenye tambarare walielewana. Kwenye mlima, yeye ndiye aliyekuwa anaibeba.

Kazi yake ilikuwa kusoma mita za maji, na mtaa mzima ulimwita Mama Mita, hata wanawe walipotaka kumtania. Alikuwa na miaka hamsini na mbili, magoti mawili yasiyopatana, na daftari lililofungwa kwa mpira wa tairi. Alijua nani ana bomba linalovuja na hasemi, nani amepata mgeni wa kukaa, nani amesafiri. Watu humficha jirani mambo mengi, lakini mita haifichiki.

Sasa msimamizi wao, aliyeitwa Bwana Ratiba kwa sababu unazozijua, akabandika tangazo. Kuanzia mwezi ujao, nyumba themanini na nne za mtaa wa juu zinaongezwa kwenye njia ya Mama Mita, na zote, za zamani na mpya, zisomwe ndani ya siku sita. Asiyeweza atahamishiwa kaunta. Pikipiki za ofisi zilikuwa mbili, na zote mbili za wakubwa.

Kaunta aliijua. Aliwahi kukaa pale wiki mbili alipovunjika kifundo cha mkono, kwenye chumba kisicho na dirisha, akigonga mihuri na kuambiwa na kila mtu kwamba bili imekosewa. Jioni alikuwa anarudi nyumbani anagombana na sufuria. Alimwambia dada yake wazi kwamba akipelekwa kaunta moja kwa moja atazeeka kwa mwaka mmoja, na hakuwa anatia chumvi. Kazi ya nje ndiyo iliyokuwa inamweka hai.

Akaenda kwa fundi baiskeli, mtu mwembamba wanayemwita Spoku, akamweleza habari ya mlima.

"Hii yako hata nikiipaka mafuta ya kula haitapanda," Spoku akasema. "Unachotaka ni alumini. Zile za zamani za safari ndefu, zenye gia, keria mbele na nyuma. Nyepesi, halafu inaitika."

"Inaitika vipi?"

"Unakanyaga, inakwenda. Hujamaliza kufikiri imeshakwenda. Lakini angalia usije ukauziwa mbuzi kwenye gunia, siku hizi kila chuma kinapakwa rangi ya fedha."

Mpya zilikuwa bei ya ng'ombe. Yeye alikuwa na bei ya mbuzi, tena mbuzi mmoja, asiwe amenona sana. Kwa hiyo ilibidi aitafute ya zamani, na ilibidi awe na njia ya kujua anachonunua.

Njia aliipata kwa shemeji yake, mume wa dada, ambaye kazi yake ni kuyeyusha alumini chakavu na kuimwaga kwenye kalibu za mchanga zikatoka sufuria. Shemeji alikuwa na sumaku aliyoing'oa kwenye spika ya redio mbovu, ameifunga kamba ya kiatu, anaivaa shingoni kazini. Mzigo ukiletwa, anaugusa. Sumaku ikishika, chuma, peleka kwingine. Isiposhika, karibu, tupime.

"Chukua, shemeji," akamwambia, "lakini uirudishe. Hii ndiyo shule yangu yote."

"Shule yenyewe inatosha kwenye kiganja. Ndiyo maana," Mama Mita akajibu, akaitia mfukoni.

Wiki tatu alizunguka nayo. Sokoni palikuwa na moja ya rangi ya fedha inayong'aa, muuzaji anaapa kwa watoto wake. Sumaku ikaruka hadi kwenye fremu kabla hajaisogeza vizuri. Akamwangalia yule bwana tu, akaondoka. Nyuma ya duka la mitumba akakuta ya pili, nayo chuma. Ya tatu ilikuwa alumini kweli, lakini ilikuwa na ufa chini ya kiti ambao mtu alikuwa ameuziba kwa gundi na kuupaka rangi, na Spoku alipouona akamwambia alumini iliyopasuka haina subira, siku moja utajikuta umekaa barabarani. Mama Mita hakuvunjika moyo. Niseme ukweli, alianza kuvimba kichwa. Alikuwa akiona geti tu analigusa kwa sumaku.

Zilikuwa zimebaki siku tisa mwezi uishe alipofika kwa mwalimu.

Mwalimu alikuwa mstaafu, alifundisha jiografia, na nyumba yake ilikuwa ya pili baada ya kona, pale mlima unapoanza. Mama Mita alikuwa akisoma mita yake mwaka wa kumi na moja sasa. Zamani, akiwa amechuchumaa kwenye banda la mita, alikuwa anasikia kengele ya baiskeli konani, kisha anamwona mwalimu anatupa gazeti na kwenda kufungua geti kubwa, mabawa yote mawili, ili mkewe aingie bila kushuka. Mkewe alikuwa mwanamke mrefu, kavaa kofia ya majani, na alipita katikati bila kupunguza mwendo kama aliyelipia barabara. Mwaka juzi alifariki. Mama Mita aliujua msiba ule kwenye mita kabla hajaambiwa na mtu, maana namba ilishuka nusu na haikupanda tena. Tangu hapo geti kubwa lilibaki limefungwa, majani yakaota chini yake, na wageni wote wakawa wanapita mlango mdogo wa pembeni.

Baiskeli ilikuwa inaning'inia kwenye lile lile banda la mita, imefunikwa shuka. Siku hiyo shuka haikuwepo.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mama. Naona unaiangalia."

Ilikuwa ya kijani iliyofifia, usukani umepinda kama pembe za kondoo, keria mbele na nyuma, kengele ya shaba. Mwalimu akaishusha kwenye ndoano kwa mkono mmoja. Mzee wa miaka sabini na kitu, kwa mkono mmoja, na bado Mama Mita hakuona alichokuwa anaoneshwa.

"Ni alumini," mwalimu akasema. "Ya zamani, lakini imetunzwa. Imezunguka nchi hii zaidi ya gari za watu wengi. Kama unaihitaji, tutaelewana." Akataja bei. Ilikuwa bei ya mbuzi, na asiyenona.

Bei hiyo ndiyo iliyomtia shaka. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa sumaku ya shemeji pamoja na kamba yake ya kiatu, akaigusisha mahali palipokuwa karibu naye, kwenye uma wa mbele unaoshika gurudumu. Ikashika tap.

"Mwalimu," akasema, kwa ile sauti ya upole ya mtu anayejua zaidi, "hii ni chuma."

Mwalimu hakuitazama baiskeli. Aliitazama sumaku. Uso ukamkunjamana hapo hapo, akairudisha baiskeli kwenye ndoano, akaokota shuka na kuifunika taratibu, pembe kwa pembe.

"Soma mita yako, mama," akasema, akaingia ndani.

Mama Mita alitoka pale ameudhika kidogo. Alijiambia mzee kakasirika kwa kuambiwa ukweli, na wazee wa ualimu ndivyo walivyo, hawajazoea kusahihishwa. Akapita kwa Spoku kumsimulia, akitegemea kusifiwa.

Spoku akauliza swali moja tu. "Uliiweka wapi?"

"Hapa mbele. Kwenye uma."

Spoku akaweka spana chini, akacheka mpaka akashika mguu wa meza. "Uma wa hizo za zamani ni chuma, mama yangu. Nyingi ziko hivyo. Fremu ndiyo alumini. Ungeisogeza sumaku shibiri mbili tu nyuma, sasa hivi ungekuwa umeipanda."

Damu ikamchemka. Hakwenda nyumbani, alikwenda moja kwa moja kwa shemeji yake, akamkuta anapiga msasa mfuniko.

"Shemeji, hukuniambia kwamba baiskeli moja inaweza kuwa vitu viwili."

"Ningejuaje?" shemeji akasema. "Sufuria haina uma." Akapuliza vumbi la msasa. "Ni baiskeli ya nani hiyo?"

"Ya mwalimu, nyumba ya pili baada ya kona."

Shemeji akaacha kupiga msasa. "Ya kijani? Mwaka jana nilikwenda pale kumuuliza kama anaiuza kwa kilo. Nikaigusa fremu kwa sumaku hii hii, mwenyewe akiwa ndani anavaa viatu. Akatoka, akanifukuza kama mbwa. Wala sikumtukana."

"Ulitaka uifanye nini?"

"Sufuria. Zingetoka nne, na mifuniko." Akaona uso wa Mama Mita. "Ni kazi yangu. Mimi sikujua wakati ule kwamba ilikuwa ya marehemu mkewe."

Mama Mita akakaa juu ya lundo la vyuma. Ndipo alipoelewa kile mwalimu alichokiona: ile sumaku, na kamba yake ya kiatu, imerudi uani kwake, safari hii mkononi mwa mtu aliyemkaribisha mwenyewe. Aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayochoma masikio. Akaitoa sumaku mfukoni, akamrudishia mwenyewe.

Alikaa siku mbili akijishauri. Angeweza kukaa kimya na kuingia mlango mdogo kila mwezi kama zamani. Lakini siku zilikuwa saba, na huko kaunta kiti kilikuwa kinamsubiri, na zaidi ya hayo hakutaka mzee yule alale akifikiri vile. Jumapili akapiga moyo konde, akaenda bila sare na bila daftari.

Mwalimu alimfungulia mlango mdogo, akasimama katikati yake.

"Mita ilisomwa," akasema.

"Sikuja kwa mita, mwalimu. Nimekuja kukuomba radhi." Akayasema yote akiwa amesimama pale nje: mlima, nyumba themanini na nne, kaunta isiyo na dirisha, jinsi alivyojifanya mjuzi na kugusa pasipo pake. "Na yule wa sufuria ni shemeji yangu. Mimi sikujua alikuja hapa. Nilitaka kuipanda, mwalimu. Sikutaka kuiyeyusha."

"Mimi huwa nakusikia ukipita," mzee akasema. "Kila mwezi unasukuma lile chuma lako mlimani, unahema mpaka ndani nasikia. Niliitoa shuka kwa ajili yako. Nikatafuta bei usiyoweza kuikataa. Kisha ukatoa ile sumaku."

"Nilikosea."

"Ulikosea." Akapisha mlangoni. "Bei ni ile ile, kwa anayepanda. Lakini kwanza nikuone."

Akaishusha tena kwa mkono mmoja, akajaza upepo, akalegeza nati ya kiti na kukishusha vidole viwili. Mama Mita akatoka nayo kwa mlango mdogo, na hapo ndipo mikono yake ilipopata habari, maana alijiandaa kunyanyua mzigo na nusura airushe juu ya ukuta.

"Nenda mpaka juu," mwalimu akasema, "uteremke upitilize kona, kisha urudi."

Akakanyaga. Ilikwenda. Alikuwa bado anatafuta pa kuweka mguu wa pili, nayo imeshasogea nyumba nzima. Kule mlima ulipokaza, mahali ambapo kila mwezi hushuka na kuanza kusukuma, akabadilisha gia kama Spoku alivyomfundisha, akasubiri magoti yalalamike. Yalilalamika, lakini kwa adabu. Kila alipotia nguvu kidogo, alirudishiwa hapo hapo. Alipofika juu akasimama, akaziangalia zile nyumba themanini na nne zimekaa zimetulia na mita zao, akajikuta anacheka peke yake kama mwendawazimu.

Kuteremka akakaza breki, akapita kwa mwalimu, akapitiliza kona, akageuza. Aliporudi akakuta kuku wa mtu wamejipanga katikati ya kona wakijadiliana. Akapiga kengele, mara mbili, wapishe. Hakuwa na wazo lingine lolote.

Alipotoka konani akasikia chuma kinakwaruza. Geti kubwa lilikuwa linafunguka. Bawa la kwanza lilikuwa limeshafika ukutani, na mwalimu alikuwa analivuta la pili kwa mikono yote miwili, haraka, majani yanang'oka chini yake, gazeti limetupwa hapo kibarazani. Alilifikisha mwisho ndipo akainua macho, akaona ni nani anayekuja. Akabaki amesimama na komeo mkononi.

Mama Mita alipunguza mwendo, akataka kushuka.

"Usishuke," mwalimu akasema. "Mke wangu alikuwa hapendi kushuka getini."

Basi hakushuka. Akakanyaga mara moja, baiskeli ikaitika, akapita katikati.