Niliondoa beseni la mchanga jikoni nisiharibu vigae vyangu, mama mkwe akaungua mkono

Wakuu, hamjambo huko mliko. Mimi niko Uvira, Kongo, mtaa wa Songo, na uzi huu nimeuandika na kuufuta mara tatu kabla ya leo.

Humu wengi mnaniita "kaka". Sijawahi kuwasahihisha kwa sababu ilikuwa inanichekesha. Leo mjue kwamba mimi ni mama wa watoto watatu, karani wa ofisi, mke wa mtu. Ninachosimulia ni changu mwenyewe, si cha "rafiki yangu mmoja".

Sitaongeza chumvi. Mkiona mahali ninajipendelea, niambieni.

Tunaishi na mama mkwe. Huyu mama alikaanga samaki na mandazi kando ya barabara kule Nyamianda kwa miaka mingi, mpaka miguu ilipomkatalia. Mume wangu na dada yake Zawadi walisomeshwa na sufuria yake moja nzito, nyeusi kwa nje, inayong'aa kwa ndani. Alipohamia kwetu alikuja na nguo zake, Biblia yake, sufuria hiyo na beseni la mchanga.

Ndiyo, mchanga. Mchanga wa ziwani, aliouchekecha na kuuanika mpaka ukakauka, ndani ya beseni la bati, na kopo la maziwa limechomekwa juu yake.

Aliuweka kwenye kona ya jiko, upande wa kulia wa mbabula, yaani jiko letu la makaa. Wiki za kwanza nilichota kidogo nisugulie masufuria. Aliniona.

"Mama Neema, ile haiko ya masufuria. Ile ni ya moto."

Nikasema sawa, Mama. Moyoni nikasema huyu mzee amekuja na mambo ya barabarani nyumbani kwangu.

Tuseme ukweli, jiko la nyumba moja na wanawake wawili si jambo jepesi. Hatukuwahi kugombana. Lakini kila nilipofagia na kukuta chembe za mchanga chini, nilikuwa ninafagia kwa hasira. Na paka wa jirani naye alikuwa na mawazo yake kuhusu beseni lile, mnaelewa.

Sasa nije kwenye mtungi.

Ofisi yetu ilipohama, tuligawana vitu vilivyobaki. Wenzangu walikimbilia viti na meza. Mimi nilichukua mtungi wa kuzimia moto, mwekundu, mzuri, bado una plastiki yake. Niliuweka sebuleni pembeni ya televisheni na kuufunika kitambaa nilichokifuma kwa mkono wangu.

Msicheke. Au chekeni tu, nastahili.

Wageni walipouliza, nilifunua kitambaa nikaeleza kama mtaalamu. Maandishi yaliyoko ubavuni mwake sikuwahi kuyasoma hata siku moja.

Mwaka jana, kiangazi, mama mkwe alipanda milimani, Rurambo, kumwona mdogo wake aliyeolewa huko. Alikaa wiki mbili. Nikaona huu ndio wakati. Nikamleta fundi, jiko likawekwa vigae vyeupe chini na ukutani. Vilipokauka, nililibeba lile beseni mwenyewe, nikaumwaga mchanga wote nyuma ya jiko, karibu na ukuta wa jirani. Beseni nikalifanya la kufulia.

Kwenye kona ile ile nikaweka ndoo mpya ya bluu, ina maji ya kuoshea vyombo, na kikombe juu yake.

Mama alirudi Ijumaa jioni. Aliingia jikoni, akagusa vigae vya ukutani kwa kiganja, akacheka.

"Karo iko muzuri sana, Mama Neema. Inafanana ya hoteli."

Kisha akatazama kona.

"Muchanga yangu iko wapi?"

"Iko inje, Mama. Kesho nitairudisha."

Wakuu, sikuwa na nia ya kuurudisha. Nilisema kesho kama tunavyomwambia mtoto anayedai pipi. Hakuuliza tena, aliniamini.

Kesho yake Jumamosi, kabla ya saa sita mchana, Mama alikuwa anachoma mafuta. Kwa wasiojua, huku mafuta yetu ni ya mawese, mekundu. Ukitaka kukaanga bila kukipaka chakula rangi, unayafunika kwanza kwenye moto mpaka wekundu utoke na yawe meupe. Hapo yanafika joto la hatari. Kwa hiyo Mama ana sheria yake: unashusha sufuria chini, unaiacha ipoe, ndipo unafunua. Hajawahi kuivunja.

Niliivunja mimi.

Niliingia nikakuta moshi umeanza kutoka pembeni ya kifuniko, unapanda moja kwa moja kwenye ukuta wangu mweupe. Nikasema haya mafuta yameiva. Mama akasema, "Acha kwanza, Mama Neema." Mimi nikashika kitambaa nikafunua, sufuria ikiwa bado juu ya makaa.

Moto ulisimama juu ya sufuria kufika usawa wa uso wangu. Niliruka nyuma. Kifuniko kiliniponyoka kikabingirika mpaka chini ya meza. Nilipiga kelele, "Extincteur!" yaani ule mtungi, nikakimbilia sebuleni.

Sasa hapa ndipo ninapojichukia.

Nilipofika kwenye mtungi, nilitoa kile kitambaa cha kufuma nikakiweka juu ya kiti. Sikukitupa. Nilikiweka vizuri kisichafuke. Na mkono wangu ukiwa bado kwenye kitambaa, nikasikia Mama analia kule jikoni.

Nilirudi na mtungi nikaminya. Haukutoa kitu. Nikaminya tena kwa mikono miwili. Baadaye ndipo niliambiwa kuna pini unaichomoa kwanza, na pini yangu ilikuwa bado imefungwa kwa plastiki yake tangu dukani.

Kilichotokea nilipokuwa sebuleni ni hiki. Mama alibaki na moto. Macho yake yalikuwa kwenye sufuria, wala hakugeuka. Mkono wake wa kulia ulikwenda kwenye kona, ukachota na kurusha, kama ulivyofanya miaka yote ya Nyamianda.

Ukachota maji.

Kama hujawahi kuona maji yakiingia kwenye mafuta yanayowaka, Mungu akuepushe. Mafuta yalilipuka kama mvua ya moto. Yalimshika mkono wote mpaka kwenye kiwiko, na upande mmoja wa shingo.

Aliyeuzima moto ni jirani yetu, Baba Safari, mwashi. Aliruka ukuta, akaona mchanga umelala pale chini, akauchota kwa sepeto na kuumwaga ndani ya sufuria mara nne. Ukazimika. Baadaye alisema tulikuwa na bahati kwamba mchanga ulikuwa karibu. Mimi niliitikia tu.

Mama alilazwa wiki nyingi. Sitaeleza kubadilishwa bandeji, maana wengine mnasoma mkiwa mnakula.

Kitu kilichonifanya niandike hakikuwa moto, kilikuwa siku ya tatu hospitalini. Wifi yangu Zawadi alisimama pembeni ya kitanda, anafuta machozi, akamuuliza mama yake:

"Mama, weye njo ulitufundishaka mutu asimwange maji ku mafuta! Na kufunua juu ya moto? Ilikuwa namna gani?"

Nilikuwa nimesimama upande wa miguu. Mume wangu alikuwa dirishani. Nilifungua mdomo.

Mama alinitazama mara moja, akamgeukia binti yake.

"Minye nilisahau tu. Ni buzee."

Nami nikafunga mdomo.

Wakuu, hapo ndipo nilipomwangusha mara ya pili. Mara ya kwanza nilikuwa mjinga. Mara ya pili nilikuwa najua kabisa ninachofanya.

Kwa sababu neno lile halikuishia hospitalini. Mama aliporudi nyumbani, wote walikwisha kukubaliana kwamba ameanza kusahau. Mume wangu alimkataza kukaribia mbabula. Zawadi aliibeba ile sufuria nzito akaipeleka kwake, "isije ikamujaribu". Watu walianza kuongea naye kwa sauti kubwa na polepole, na masikio yake hayana tatizo lolote. Kuna mtu alimuuliza kama anakumbuka majina ya wajukuu zake. Akayataja, yule mtu akampigia makofi!

Mama alikuwa ndiye wanawake wa kanisani wanayemwita kila penye harusi, asimamie mafuta. Mapishi mengine yana wenyewe wengi, lakini mafuta yalikuwa ya Mama. Anaketi kwenye kigoda chake, ananusa, anasema "bado", anasema "sasa", na hakuna anayebisha. Sasa alikuwa anakaa barazani kwetu na mkono wake umekunjamana kwenye mtandio, anawasikiliza wanawake wakipita na masufuria.

Na mimi nilikuwa namletea chai. Nilimletea chai nyingi sana miezi ile. Kila kikombe alisema asante.

Miezi minane, wakuu. Nilikuwa na miezi minane ya kusema sentensi moja.

Jumapili moja baada ya ibada Zawadi alikuja. Tulikuwa barazani wote wanne. Akasema kuna harusi kubwa, wanawake wameshakaa kupanga mapishi, na upande wa mafuta wamempata mama mwingine.

"Tumesema bamuache Mama apumuzike. Bisikuwe tena shida."

Mama akatabasamu, akavuta mtandio juu ya mkono.

"Iko sawa, mutoto yangu. Minye ninasahau sana siku hizi."

Alisema bila kunitazama. Kama angenitazama labda ningenyamaza tena, sijui. Lakini alitazama chini, kwenye ule mkono.

Nikasema, "Mama hakusahau kitu."

Nikaeleza yote. Kwamba kifuniko nilifunua mimi, naye alinikataza. Kwamba mchanga niliumwaga mimi kwa ajili ya vigae. Kwamba aliniuliza uko wapi nikamdanganya. Kwamba mkono wake ulikwenda mahali pake, na mimi ndiye niliyeweka maji mahali pale.

Zawadi hakunitukana. Afadhali angenitukana. Alisimama akaenda kukaa upande wa pili wa mama yake.

Mume wangu aliuliza swali moja.

"Miezi minane umemuacha Mama abebe hii peke yake?"

Alitoka akaenda nyuma ya jiko, akasimama pale penye mchanga. Tuliongea vizuri tena baada ya wiki kadhaa, ila swali lile bado lipo ndani ya nyumba.

Mama akamwambia binti yake:

"Zawadi. Sufuria yangu iko kwako. Uilete."

Ni hayo tu aliyosema kuhusu jambo lile.

Msifikiri mambo yalinyooka. Harusi ilipita na mama mwingine, maana walishampa neno lao. Vidole viwili vya Mama havifunguki, na ile sufuria hawezi kuinua. Mimi ndiye mkono wake sasa. Anaketi kwenye kigoda jikoni kwangu, tuseme kwetu, ananusa, anasema "bado", nami sifunui.

Beseni nilililoweka, nikalisugua, nikateremka ziwani mwenyewe kuchota mchanga. Nilipanda nao kichwani mpaka nyumbani na watu wakiniangalia. Nikauchekecha, nikauanika, nikaufunika na wavu kwa ajili ya yule paka. Kifuniko cha sufuria sasa kina msumari wake ukutani, nilitoboa kigae kimoja kukiweka. Mtungi uko kwenye mlango wa jiko, hauna kitambaa, na watoto wangu wakubwa wawili wanajua pini iko wapi.

Nilichojifunza kwa machozi ni kidogo tu. Mafuta yakiwaka, funika, zima moto wa chini kama unaweza, usiguse maji. Kitu cha kuzimia moto kikae pale mkono unapofika, na kila anayepika humo ajue kilipo. Ukikihamisha, mwambie. Na yule mzee mwenye mambo yake jikoni kwako, kabla hujatupa kitu chake, muulize ni cha nini. Mimi nilikuwa nimeshaambiwa, na bado.

Wenye mitungi, inukeni sasa hivi, toka jikoni mpaka mtungi ulipo, hesabuni hatua, kisha mje mwandike hapa. Na kama kuna aliyewahi kumwachia mtu mwingine abebe kosa lake, naomba aniambie aliishije baada ya kusema. Matusi pia nitayasoma.

Nimalizie na hili. Kila asubuhi kabla sijawasha makaa, Mama anauliza kutoka kwenye kigoda chake:

"Mama Neema, muchanga iko?"

"Iko, Mama."

Anauliza kila siku, na si kwamba amesahau.