Mashine Iliyotoka Kilindini

Nilipokuwa mtoto, kijijini kwetu kwenye delta ya Rufiji, hakuna aliyepita juu ya kilindi cha pale kwenye kona ya mto bila kuomba radhi. Bibi, mama yake baba, alituambia kilindi kile kina mwenyewe, jini wa kike, na kitu kikizama pale ni chake. Ukimnyang'anya, huja nyumbani kwako kujichagulia kingine.

Jahazi la Nahodha Shamte lilizama hapohapo. Zilikuwa siku zile biashara imeachiwa huru, na akina mama, waliochoka kutwanga, walikuwa wamechanga wakaagiza mashine ya kukoboa mpunga kutoka Dar es Salaam. Upepo ulilipiga tanga ghafla, mzigo ukahamia upande mmoja, jahazi likalala. Mabaharia wawili waliogelea hadi kwenye mikoko. Nahodha tuliletewa maiti yake kesho yake.

"Keshachukua mtu," Bibi alisema. "Hiyo mashine iacheni."

Wanaume wote wakakubali. Mjane wa nahodha, Bi Salima, alikuwa ndani, amekaa eda. Siku alipotoka, maji ya bamvua yalikuwa yamekupwa hata ncha ya mlingoti inaonekana. Akapita mbele ya nyumba yetu, kamba begani.

"Bi Salima, wapi tena?" Mama akauliza.

"Mume wangu kafa akiileta. Haibaki huko."

Mama alimtazama Bibi, akajifunga kanga kiunoni, akatoka. Nyumba kwa nyumba wanawake wakaungana nao. Wale mabaharia wawili waliona haya, wakajitosa kwenda kufunga kamba. Tulivuta sote, hata sisi watoto, matope magotini, mpaka kasha la mashine likatokea. Mashine ilikuwa imepakwa grisi na kufungwa turubai. Fundi kutoka Kibiti akaifungua, akaiosha kwa dizeli, akabadilisha vipuri, ikanguruma.

Masika yale mdogo wangu Hamisi alishikwa na homa. Hakupona. Bibi hakuhitaji kusema kwamba jini amekuja kujichagulia. Kijiji kizima kilimsemea.

Bi Salima alikuja msibani, akapiga magoti mbele ya Mama. "Mama Zuhura, ukisema tu, naenda kuirudisha kilindini leo hii."

Mama macho yalikuwa yamemvimba. Akainuka, akalivuta gunia la mpunga lililokuwa kando ya mlango.

"Watu wa matanga hawajala," alisema. "Nishikie upande huo."

Wakalibeba wawili hao, hatua kwa hatua, hadi mashineni, watu wakiwapisha njia. Jioni Bibi naye alikula wali ule, taratibu, akitazama chini.

Zamani nilidhani Mama hakuyaamini maneno ya Bibi. Sasa, baada ya kuzika mtoto wangu mwenyewe, naona aliyaamini, pengine kuliko sisi sote. Alilibeba gunia lile huku akiyaamini.