Blauzi ya Jirani Aliyetoka Bombay

Jumanne, mwezi wa nne. Mvua ya masika imeanza alfajiri, imetulia saa tano, mtaa wote tope. Ndivyo nilivyoandika nyuma ya daftari langu la vipimo, maana sikuwa na daftari lingine.

Nilikuwa nikishona chumbani kwangu, Kariakoo, nguo za wanawake wasiopenda kupimwa na mafundi wanaume wa barazani. Siku hiyo alikuja jirani yetu, mke wa Mhindi muuza vitambaa. Alikuwa Bombay karibu mwaka mzima. Alitaka blauzi ya kuvalia sari, na alitaka nimpime juu ya nguo. Alipoondoka nikafungua kurasa za zamani. Kifua kilikuwa kimepungua inchi tatu, na kiuno nacho kimeingia ndani.

Nikasema moyoni, haya, huyu kaenda kujichongesha. Tulikuwa tumesikia kwamba huko madaktari huyapunguza matiti, wakayasimamisha kama ya mwari.

Kuwaza si kosa. Kosa ni kwamba nilimwambia wifi yangu, mke wa kaka yangu, tuliyekaa naye nyumba moja. Yeye alikatwa titi la kushoto hospitalini kwa uvimbe mbaya, na tangu arudi alikuwa hatoki, hata chakula alikula chumbani. Nilimshonea kifuko cha sufi ajaze pengo la sidiria, akakitupa chini ya kitanda. Jumamosi ilikuwa harusi ya mdogo wake wa tumbo moja, naye alishasema haendi.

"Wewe umekatwa kwa maradhi, wifi," nikamwambia. "Yule kakatwa kwa urembo."

"Mimi nalilia moja, mwenzangu anapunguza mawili!" Akageukia ukutani.

Nilidhani namliwaza. Sijui. Labda nilitaka tu kuwa wa kwanza kusema.

Alhamisi jirani akaja kujaribu blauzi. Upande mmoja ilimbana, wa pili ikapwaya. Nikakagua mshono wangu, hauna kasoro. Nikamtazama kifuani kwa jicho la wizi. Akaniona.

"Fundi, unanishuku nini?"

"Vipimo vyako vimebadilika, mama."

Akafungua vifungo mwenyewe. Kovu lilikata tumbo kutoka ubavu hadi ubavu. Titi moja halikuwa na chuchu, na ngozi yake ilikuwa ya rangi nyingine.

"Waliondoa ugonjwa, kisha wakanijengea hili kwa nyama ya tumbo. Mara nne nimelazwa. Kitanda cha pembeni alilala mama aliyetaka kupunguziwa matiti tu. Daktari yule yule, kisu kile kile."

"Huyo si alikuwa anajipamba?"

"Na mimi nilimsema hivyo, mpaka nilipoona mabega yake. Kamba za sidiria zimechimba mifereji kwa uzito. Lakini yeye alichagua, fundi. Mimi sikuulizwa."

"Na hilo, ukiligusa unasikia?"

"Sisikii kitu. Kama mto wa kulalia. Ila sari inakaa."

Hata hapo shaka haikuniisha. Mtu mwenye siri kama hii, kwa nini anifunulie mimi? Labda maneno yangu yalishamfikia. Sikuthubutu kuuliza. Nikamwomba ruhusa nimweleze wifi. Akafunga vifungo kwanza.

"Yeye tu. Mtaa usijue."

Kwa wifi nilianza na kosa langu: nimemsingizia mwenzetu. Kisha nikamweleza yote, na kwamba titi lile halina hisia, na kwamba hapa kwetu sijasikia linakojengwa. Sikutaka kumpa tumaini la uongo.

"Hiyo blauzi ni ya nini?" akauliza.

"Ya harusi ya kwao."

"Na anakwenda?"

"Anakwenda."

Akanikazia macho. "Leo umeniletea siri ya yule. Kesho yangu utampelekea nani?"

Akainama, akakivuta kile kifuko chini ya kitanda, akakikung'uta vumbi.

"Kipunguze sufi kabla ya Jumamosi. Hiki kimesimama kama cha kigori. Hili lililobaki limenyonyesha watoto watatu."

Jioni tulikula ugali, kisamvu cha nazi na dagaa. Wifi alikula nasi uani, kwa mara ya kwanza tangu atoke hospitali, ila alikaa mbali nami.