Daftari la Mkia

Shemeji yangu, mume wa dada, watu walimwita Mkia. Kwa miaka kumi na mmoja alikimbia mbio ndefu, na miaka yote hiyo alimaliza nyuma ya kila mtu, mara nyingine waandaaji wameshakunja meza na kuondoka na maji yao. Lakini alimaliza. Nasema haya mapema msije mkadhani namchukia. Nilimchukia miezi minne tu.

Alikuwa dobi wa hospitali. Kutwa alishinda kwenye chumba cha mvuke, akitoa mashuka mashineni, akiyapiga pasi na kuyapanga kwenye toroli. Kabla ya kazi alikimbia, na kabla ya kukimbia alisali, na kwake vyote viwili vilikuwa kitu kimoja. Kanisani walimpa darasa la ubatizo afundishe, na somo lake lilikuwa hilo hilo kila mwaka: mtu hasali siku anayojisikia tu, anasali kila siku, ili siku miguu ikigoma, roho iwe imeshaizoea njia. Nililipenda somo lile, ingawa mimi fundi cherehani nikipanda ngazi tu nahema.

Tatizo lilikuwa sheria yake. Katika kundi lake la mazoezi, washirika wanane wenye fulana zilizopauka, ilikuwa marufuku kutaja maumivu. "Ukiyataja yanakaa," alisema. "Yasalimie, uyapite." Walicheka, wakatii. Dada naye akatii. Alikuwa amejiunga nao ili angalau aonane na mumewe kabla jua halijawa kali.

Wiki ya tatu nyonga ikaanza kumuuma. Miezi saba aliyasalimia maumivu yale na kuyapita. Siku ya mashindano yeye na mumewe walimaliza kilomita arobaini na mbili wa mwisho kabisa, wameshikana mikono, nami nikawapigia makofi kama mwehu. Wiki iliyofuata dada hakuweza kushuka kitandani. Daktari akatazama picha ya mfupa, akauliza yalianza lini. Dada alimtazama mumewe kwanza, utadhani anaomba ruhusa ya kujibu. Hapo ndipo nilipoanza kumchukia.

Ilikuwa saratani, na ilikuwa imeshasambaa. Alitundikiwa dawa awamu nne, nywele zikaisha, mwili ukaisha. Daktari akasema ipo awamu ya tano, huenda ikamwongezea wiki chache, huenda isimwongezee kitu. Uamuzi ni wa mgonjwa. Mkia alisikia nusu ya kwanza tu. Kila mapumziko ya mchana alipanda wodini na shuka alilolipiga pasi kwa mkono wake, akamtandikia mkewe, akamwambia, "Bado kidogo, mama. Tuko kilomita ya arobaini." Dada anaitikia kwa kichwa.

Jumatano moja nilikuwa namfuta miguu kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu.

"Mdogo wangu," akasema, "leo siku gani?"

"Jumatano."

"Nimechoka. Sitaki tena dawa. Nataka kitanda changu."

"Si umwambie mumeo!"

"Siwezi. Yeye ndiye aliyenifundisha kumaliza. Nikiacha, atadhani nimemwacha hata Mungu."

Damu ikanichemka. Juu ya kabati lake palikuwa na daftari la mazoezi la Mkia, alilomwachia alisome. Nikalichukua, nikashuka kwenda kwa dobi kumtupia usoni. Kwenye ngazi nikalifungua. Kila siku kilomita zake, kila siku sala zake. Na kila Jumapili, miaka kumi na mmoja, neno moja kwa wino wa bluu: Pumziko.

Nilimkuta anainamia toroli, jasho linamtiririka.

"Shemeji, kwa nini Jumapili hukimbii?"

"Jumapili?" Akashangaa. "Mwili usiopumzika unabomoka. Halafu ni amri ya Mungu."

"Kwa hiyo ukipumzika umeacha mbio?"

"Nani kakwambia? Kupumzika nako ni mazoezi. Ndivyo ninavyowaambia watu wangu kila..."

Akaliona daftari mkononi mwangu. Mashine iliendelea kuzunguka. Akakaa juu ya rundo la mashuka machafu.

"Amesema anaumia?"

"Amesema amechoka. Anataka nyumbani."

"Mbona hakuniambia mimi?"

Jibu nilikuwa nalo, nimelinoa miezi minne. Nilipomtazama usoni nikaona analijua, nikalimeza. Nilimhurumia, na nilijikasirikia kwa kumhurumia.

Akapanda na aproni yake ya mpira, inachuruzika maji sakafuni, muuguzi akamfokea wala hakumsikia. Safari hii hakuja na shuka. Akakaa ukingoni mwa kitanda, akamshika dada mkono.

"Mama, leo hatukimbii."

"Kwa nini?"

"Leo Jumapili."

Dada akanigeuzia macho, mimi niliyemwambia siku muda si mrefu. Nikatazama dirishani. Akamrudia mumewe, na uso wake, uliokuwa umekazwa tangu siku ya picha ya mfupa, ukalegea.

"Kumbe Jumapili," akasema. "Basi naumia, baba. Naumia sana."

"Wapi?"

Akamwonyesha nyonga. Akamwonyesha mgongo, mbavu, bega. Mkia akaweka mkono kila alipoonyeshwa, na kila mara akauliza, "Na wapi tena?"