Labda ya Nyapara Mhina

Harufu ya mkonge mbichi ikinipata njiani, hata leo, nageuza uso. Ndiyo iliyonijaa puani siku ile toroli ilipopinduka mteremkoni, kwenye shamba la mkonge la Ngombezi, baba yangu akabaki chini ya mzigo. Angeweza kuruka. Lakini alituona sisi watoto tumetoka chuoni kusoma Kurani, tunatembea juu ya reli, akachomeka gongo kwenye gurudumu mpaka toroli ikaanguka, karibu yetu kabisa.

Asubuhi nilikuwa nimempelekea uji. Nilimsikia kwa masikio yangu akimwambia nyapara Mhina, "Mzee, breki imekufa. Haishiki."

Mhina hakuinua hata macho. "Labda itashika. Kiwanda kinangoja mkonge."

Kesho yake jeneza lilipotoka kambini, Mama Kalunde, Mnyamwezi, jirani yetu, alijilaza katikati ya njia. Sisi Wazigua ni watani wake, na msiba wa mtani ndio uwanja wake. Maneno ya Mhina nilikuwa nimemsimulia usiku. Akaiga sauti yake ileile ya puani: "Mrudisheni ndani. Labda ataamka. Kiwanda kinangoja."

Mhina, naye Mzigua, alikuwa palepale ameshika jeneza. Mtani hakasirikiwi. Mama Kalunde akamgeukia:

"Kwa hiyo breki ilishika, mtani? Mbona unatazama viatu? Nawe viatu unavyo, marehemu alikuwa peku."

Watu walicheka huku wanalia. Mama aliinua uso, mara ya kwanza tangu jana.

Wanaume waliporudi kutoka makaburini, mwalimu wetu wa chuo alisema neno hilo, labda, tumelipata kwa Waarabu. Kwao la budda ni jambo lisiloepukika, lazima liwe. Lilipofika kwetu likalegea. Nilikuwa msichana mdogo, sikuelewa lazima inalegeaje. Nimeelewa ukubwani: inalegea mdomoni mwa anayetuma. Kwa aliyepanda toroli haikulegea hata kidogo.

Shule sikuipata sana, lakini jina la baba, Sempombe, nalitaja popote nimeinua kichwa. Watoto wote wa pale relini tulikua, tukazaa.

Na Mhina yu hai, anakaa Manundu, msikitini anaswali safu ya mbele. Shikamoo, mzee. Aliyesema toroli iondoke na breki imekufa ni yule Mzungu mwenye kiwanda, au ni wewe mwenyewe? Nijibu mbele za watu, kabla hatujazikana.